Gari la Baba na Dumu la Petroli

Ndugu msomaji, kama umekaa katika jiji hili la Dar es Salaam kwa muda wa kutosha, hapana shaka umekwisha kupanda gari ambalo petroli yake haikai ndani ya tangi. Unaingia, unaketi, unasikia harufu, unateremsha kioo, na safari inaendelea. Petroli imo katika dumu la plastiki la lita 5, dumu lile lile lililoletwa nyumbani na mafuta ya kupikia, nalo limefungwa kwa kamba ya mpira kando ya injini, au limesimamishwa sakafuni miguuni pa abiria wa mbele. Mpira mwembamba unatoka katika kifuniko chake na kupotelea chini ya boneti. Dereva haoni haya. Nawe abiria, kwa kuwa una haraka ya kufika kazini, huoni hofu.

Makala haya yanahusu dumu hilo, na jinsi lilivyonyimwa nafasi katika gari moja tu, nalo ni Peugeot 404 ya baba yangu mzazi. Utasema gari moja si jambo la kujaziwa ukurasa mzima wa gazeti. Huenda ni kweli. Lakini katika miezi minne tuliyoshughulika na njia ya mafuta ya gari hilo, kuanzia tangi hadi kabureta, kulizuka nyumbani kwetu mabishano ambayo naamini yamo katika nyumba nyingi, kati ya wazee walioishi kwa kuunga-unga na watoto wao ambao hawana sababu tena ya kuunga-unga.

Kwanza nikujulishe gari lenyewe. Peugeot 404, ambayo wazee wetu huiita Pijo tu bila kuongeza neno, ilianza kuuzwa mwaka 1960. Bodi yake ilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 imelazwa ubavuni kwa nyuzi 45, ndiyo maana boneti yake ni fupi kwa kimo. Zilitengenezwa zaidi ya milioni mbili na nusu. Huku kwetu ilijipatia sifa katika mbio za Safari, zilizokuwa zikipita Kenya, Uganda na Tanzania, ambazo gari hili lilishinda miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na wa 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Dar es Salaam. Baba alikuwa kijana wa shule wakati huo. Hata leo, ukimtajia jina hilo, atakuambia alikuwa amekaa wapi aliposikia matokeo redioni.

Ya kwake aliinunua mwaka 1984, katika mnada wa magari chakavu kazini kwake alikokuwa dereva. Ilitupeleka kliniki, shuleni, harusini na misibani. Mwaka 2009 iligoma, ikasukumwa chini ya mwembe uani, ikabaki hapo. Mwaka jana Baba, ambaye sasa amepita miaka 75, aliniita akaniambia maneno machache. Alitaka kwenda kwao Kilosa kumwona dada yake mkubwa, na alitaka kwenda kwa gari lake mwenyewe kabla macho hayajamwacha. Wajukuu watakaa nyuma. Mimi nitaendesha, yeye ataketi kando yangu anisahihishe.

Basi nikaenda Gerezani kumwamkia fundi wake wa siku nyingi, mzee mwenzake, mtu ambaye ameifungua injini ile mara nyingi kuliko nilivyofungua vitabu vyangu vya diploma. Alikuja, akatoa plagi, akatia matone ya mafuta katika silinda, akazungusha injini kwa mkono. Injini ilikuwa hai. Akamimina petroli kidogo mdomoni mwa kabureta, akatumia betri ya jirani, nalo gari likanguruma kwa sekunde tano, likazima. Akajipangusa mikono.

“Mwanangu, hapa hakuna ugonjwa,” akasema. “Ugonjwa ni mafuta tu. Tangi limeoza. Nipe dumu, nipe mpira mita moja na nusu, kesho kutwa mzee yuko Kilosa.”

Baba akacheka kwa furaha, akasema ndivyo alivyokwenda mwaka 1983 na gari la kazini, tena likiwa na mzigo.

Hapa yafaa nisimame kidogo, maana ni rahisi kwa mtu wa rika langu kuwacheka wazee hawa, na kicheko hicho si haki. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977 usifunguliwe tena hadi 1983, na spea nyingi zilikuwa zikitokea Nairobi. Mwaka 1978 vikaja vita vya Kagera. Bei ya mafuta duniani ikapanda, fedha za kigeni zikakauka, na katika miaka ya mwanzo ya 1980 magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa mafuta. Pampu ikifa, hapakuwa na duka la kuuliza. Tangi likitoboka, lilizibwa kwa sabuni ya kipande iliyokandwa, kisha gari likaendelea na kazi ya taifa. Fundi aliyebuni dumu hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa mtu mwenye akili aliyenyimwa vifaa. Ubaya ni kwamba vifaa vilirudi, dumu likabaki. Na vijana waliojifunza kwa mafundi hao walilipokea kama elimu, wala hakuna aliyewaambia kuwa lilikuwa dawa ya dharura.

Sikumjibu Fundi siku ile. Mbele ya Baba, na mbele ya mtu aliyenipakata nikiwa mchanga, maneno yangu yangekuwa ya utovu wa adabu. Aliyejibu ni mke wangu, aliyekuwa akiwatengea chai. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza kiasi cha sukari: “Samahani, baba. Watoto watakaa wapi, na hilo dumu litakaa wapi?”

Hakuna aliyemjibu. Chai ikanywewa.

Sasa nikueleze, ndugu msomaji, kwa nini swali lile halikuwa na jibu. Watu wengi hudhani petroli ndiyo inayoungua. La; kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo hutoka kwa wingi wa kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto letu la nyuzi 32. Tena ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea kama moshi wa kuni. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujaza vishimo, ukangoja. Hewa ikiwa na sehemu moja na nusu tu katika mia ya mvuke huo, cheche yoyote yatosha. Na chini ya boneti cheche hazikosekani, maana zimo katika distribyuta, katika starta na katika waya uliochubuka, bila kutaja ekzosi inayowaka kwa joto pembeni. Hapo ndipo tunapoweka chombo cha plastiki kilichotengenezwa kubebea mafuta ya alizeti, tukakitoboa kifuniko ili kipumue, kikapumua mvuke mchana kutwa.

Barabara ya Kilosa hupita Msamvu, Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakimbilia kuchota petroli kwa madumu, moto ukalipuka, na waliopoteza maisha walizidi 100. Sipendi kuyatumia mauti ya watu kama mfano wa darasani, wala gari la dumu si lori lililopinduka. Lakini sikuweza kujiona nikipita pale na wanangu nyuma na dumu mbele.

Nilimwendea Baba jioni yake, sisi wawili tu, nikamwambia nitalitengeneza gari lake kwa gharama yangu, lakini kwa sharti moja, nalo ni kwamba njia yote ya mafuta ibadilishwe. Alinyamaza sana. Kisha akasema, “Unaniona nilikuwa nawahatarisha.” Nikamwambia, “Sivyo, Baba. Nakuona ulitufikisha.” Hakusema zaidi, lakini asubuhi nilimkuta amekwisha kutoa kifuniko cha betri na kutafuta spana.

Kazi yenyewe ilianza nyuma, katika tangi, na hilo nakusihi ulishike kama una gari lililolala kwa muda. Mafundi wengi huanzia mbele, katika kabureta, kwa sababu ndiko gari linakokohoa. Wanasafisha kabureta leo, wiki ijayo imeziba tena, wanaisafisha tena, wanakulipisha tena. Uchafu hautoki katika kabureta. Unatoka tangini, unasafiri na mafuta.

Tulitenganisha betri kwanza. Tukalisukuma gari hadi penye upepo, mbali na jiko la mkaa. Sigara ya Fundi ikaachwa ndani ya nyumba. Ili kutoa petroli ya zamani, Fundi alichukua mpira, akauweka tangini, akauinamia kutaka kuivuta kwa mdomo kama ilivyo desturi. Hapo Baba, ambaye alikuwa amekaa kitini chini ya mwembe, akasema, “Usinyonye.” Akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu. Mwaka 1983, usiku, njiani, akiwa peke yake, alinyonya petroli kutoka gari moja kwenda jingine, ikampalia. Kesho yake kifua kilikuwa kama kimejazwa makaa. Alilala hospitali siku 11. Mama alikuwa na mimba ya dada yangu. Kazini akasema ni malaria.

Sasa najua ni kitu gani kilimpata. Petroli iliyomezwa ikakaa tumboni ni mbaya, lakini ile inayopotea njia ikaingia mapafuni hata kwa kijiko kimoja ni mbaya zaidi, maana ni nyepesi mno, husambaa upesi katika vifuko vya hewa na kuviunguza. Ndiyo sababu madaktari hukataza kumtapisha mtu aliyekunywa petroli au mafuta ya taa. Akitapika huweza kupaliwa mara ya pili. Wazazi wenye desturi ya kuweka mafuta ya taa katika chupa ya soda na wayasome maneno haya mara mbili. Sisi tulitumia pampu ya mkono ya shilingi elfu chache, ile ya kubinya kama puto.

Kilichotoka hakikuwa petroli. Kilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea na harufu ya vanishi. Petroli ikikaa, sehemu zake nyepesi huruka, na zile nzito hugeuka utomvu unaonata. Chini yake yakaja maji, yapata nusu lita, na matope ya kutu. Maji yanaingiaje katika tangi lililofungwa? Huingia kama pumzi. Tangi lisilojaa limejaa hewa, na hewa ya pwani ina unyevu. Usiku ukipoa unyevu hugeuka matone, matone hushuka, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa yakila bati kidogo kidogo kwa miaka. Gari linalolazwa kwa muda mfupi na lilazwe na tangi lililojaa. Likilazwa kwa muda mrefu, tangi likaushwe kabisa.

Baba alitaka kuyamwaga yale mafuta mtaroni. Mke wangu akakataa, maana mtaro ule unapita mlangoni pa jirani anayekaanga mihogo. Fundi akaondoka nayo katika kopo la chuma lenye kifuniko, na sikuuliza zaidi.

Tuliponyanyua tangi tupu juani, nuru ilipenya katika matundu yake. Fundi akashauri tulichomelee. Nikamwomba radhi. Tangi lililotumika likawa tupu ni la hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa lililojaa lina mafuta na halina hewa, na hilo tupu lina mvuke na hewa pamoja, yaani lina kila kitu isipokuwa cheche, na mchomeleaji ndiye analeta cheche. Kuna mafundi wanaolichemsha kwa maji na sabuni kwa saa nyingi, kisha wakalijaza maji hadi karibu na tundu kabla ya kuchomelea, na wanafanikiwa. Lakini bati letu lilikuwa limeliwa kila mahali. Ukiziba hapa, panatoboka pale. Tukalipeleka kwa fundi bati kama kielelezo tu, akakunja jipya kwa bati la chuma la milimita 1.2 ambalo halijawahi kuonja petroli. Nilimsisitizia mambo mawili. La kwanza ni vile viwambaza vya ndani vinavyozuia mafuta yasisukwe upande mmoja gari likikata kona. Fundi asiyejua huviacha. La pili ni bomba dogo la kupumulia. Likikosekana, au likizibwa na nyigu, pampu hunyonya mafuta bila hewa kuingia badala yake, na baada ya kilomita kadhaa gari huzima bila sababu inayoonekana. Dereva akifungua kifuniko husikia “shwiii”, gari linawaka, naye anaanza kuamini mambo ya uchawi.

Tangi jipya tulilizamisha katika pipa la maji ya sabuni, tukalipuliza kwa pampu ya baiskeli, tukatafuta mapovu. Yalitokea katika kona moja. Likarudi kwa fundi bati, likaja tena, tukalizamisha tena.

Kutoka tangini hadi mbele kuna bomba la chuma linalopita chini ya sakafu. Letu lilikuwa limekwisha. Fundi alikuwa na bomba la shaba alilolitoa katika jokofu bovu, zuri kwa kutazama, tena linakunjika kwa vidole. Shaba ina tabia moja. Ikitikiswa-tikiswa muda mrefu hukakamaa, ikikakamaa hupasuka, na barabara zetu zinatikisa. Tukanunua la chuma. Tulilikunja kwa subira, tukalishika kwa vishikizo kila baada ya nusu mita, tukaliweka mbali na ekzosi. Kisa cha kuliepusha na ekzosi si moto peke yake. Petroli ikipata joto njiani huchemka, hugeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Ndipo unapoona gari la zamani limekufa katika foleni ya Kimara saa 8 mchana na dereva wake anafunika pampu kwa kitambaa chenye maji. Baba huenda hata leo na kitambaa chake mfukoni.

Mipira ilinipa taabu kuliko chuma. Katika maduka ya spea ya Shaurimoyo unaweza kuuziwa mpira wowote ukaambiwa ni wa petroli. Ule wa plastiki unaoonyesha ndani hupendwa kwa kuwa unaona mafuta yakipita. Baada ya miezi hukakamaa kama ganda la mua, ukapasuka pale penye klipu. Nilinunua vipande vifupi vitatu kutoka maduka matatu, nikavitumbukiza katika chupa ya kioo yenye petroli, juu ya ukuta wa uani wasikofika watoto, kwa siku tatu. Kimoja kilivimba kama kidole kilichoingia mdudu. Cha pili kilitoa rangi nyeusi. Cha tatu, chenye nyuzi za kitambaa katikati na maandishi ubavuni, kilitoka kama kilivyoingia. Nikarudi katika duka la tatu. Na kila kiungo tukakaza kwa klipu ya skrubu, si kwa waya wa kufungia.

Mabishano makubwa ya pili yalikuwa juu ya pampu. Ya Peugeot hii iko ubavuni mwa injini, na mkono wake husukumwa na kamshafti. Mkono ukivutwa, kiwambo laini cha ndani kinanyonya mafuta. Ukiachiwa, springi inayasukuma kwenye kabureta. Kiwambo chetu kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma. Kijana mmoja wa gereji ya jirani akanishawishi tuweke pampu ya umeme kutoka gari la Kijapani lililokufa, akasema ndiyo maendeleo. Pampu ile imeundwa kwa injini zinazopuliziwa mafuta kwa nguvu, na shindo lake ni zaidi ya mara 10 ya lile ambalo kabureta inaweza kulipokea. Ndani ya kabureta kuna boya dogo na sindano inayoziba njia bakuli likijaa. Shindo hilo lingeisukuma sindano kando, petroli ikamwagika juu ya injini yenye moto. Kisha kuna jambo jingine ambalo Fundi mwenyewe alilisema, na hapo tukawa upande mmoja kwa mara ya kwanza. Gari likipata ajali injini ikazima, pampu ya zamani nayo husimama. Ya umeme iliyoungwa ovyo huendelea kumwaga mafuta mpaka mtu azime swichi, na huenda asiwepo wa kuizima.

Tuliagiza kiwambo na vali zake. Vilichukua wiki sita kufika.

Wiki hizo sita tuliifanyia kabureta yetu ya Solex kazi mezani, juu ya gazeti la Jumapili iliyopita (mhariri wangu anisamehe). Binti yangu wa miaka 9 alikuwa karani. Alichukua trei ya mayai, akaandika nambari katika kila shimo, na kila kipande kilichotoka kikapata shimo lake kwa mpangilio. Sikumruhusu kugusa chochote kabla hakijaoshwa. Gari lililotembea miaka ya 1980 lilitumia petroli yenye risasi, madini ambayo hudhuru akili za watoto hata yakiwa kidogo, na masalia yake huweza kubaki katika vyombo. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzoni mwa 2006. Algeria ikawa ya mwisho duniani, Julai 2021. Watoto wetu wamepona balaa ambalo sisi tulilivuta puani tukienda shule, na sijasikia mtu akilishangilia.

Jeti za Solex zina nambari, na nambari hiyo ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita. 130 maana yake ni milimita 1.30. Ukiona kipimo kidogo namna hiyo utaelewa kwa nini hazizibuliwi kwa waya. Waya ukikwaruza shaba, tundu linapanuka, gari linakunywa mafuta, na hutajua kwa nini. Tulizilowesha, tukazipuliza kwa hewa. Katika bakuli tulikuta tabaka la kutu laini kama ugoro, na chini yake kitu chenye mafuta-mafuta ambacho Fundi alikinusa akasema ni uchakachuaji. Vijana labda wamelisahau neno hilo. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, yakachanganywa katika dizeli na petroli, hadi mwaka 2011 serikali ilipopandisha kodi yake ili faida hiyo iishe. Gari lile lililala 2009. Lilikuwa limetutunzia ushahidi.

Mke wangu aliandika gharama katika daftari. Tangi shilingi 280,000. Mabomba, mipira, klipu na chujio 95,000. Kiwambo na vali za pampu 85,000. Gaskiti, sindano na boya la kabureta 120,000. Mtungi wa kuzimia moto, ambao sasa umefungwa chini ya kiti cha mbele, 60,000. Jumla 640,000, bila ujira wa Fundi. Dumu na mpira wake lingegharimu 12,000. Fundi amelirudia hesabu hilo mbele yangu zaidi ya mara tatu, huku akicheka, na gari lake mwenyewe bado lina dumu.

Siku ya kuwasha, tulisukuma mafuta kwa kile kijikono cha pampu mpaka bakuli likajaa, kisha tukapita na kitambaa kikavu katika kila kiungo tukikitazama kama kimelowa. Gari likawaka mara ya tatu. Lilikuwa likitetemeka, na mimi nilikuwa na kitabu chenye vipimo mkononi. Baba akainuka kitini, akachukua bisibisi, akainamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akageuza skrubu ya kabureta robo, akangoja, akairudisha kidogo. Mtetemo ukakoma. Sijui alisikia nini, na kitabu hakikusema. Akarudi kuketi.

Tumekwisha kwenda Kibaha na kurudi mara mbili, kilomita 40 kila upande. Harufu ndani ya gari ni ya viti vya zamani tu. Baba ameniambia nakanyaga klachi kama mtu anayeua mende.

Kilosa bado. Katika safari ya pili kanyagio la breki lilizama zaidi ya nilivyopenda. Fundi anasema zitatosha. Mke wangu amefungua ukurasa mpya katika daftari.